Binti yangu ana miaka 12, mkono unamuuma na kocha anataja Madrid: je, kweli kachelewa?

"Salaam aleikum daktari. Mimi ni mama kutoka Mombasa, naishi Uhispania karibu na Barcelona mwaka wa 15 sasa. Binti yangu kazaliwa hapa hapa, ana miaka 12 anaelekea 13, anafanya jimnastiki tangu ana miaka 6 na sasa ni masaa 20 kwa wiki. Kocha anasema kipaji anacho, yuko kwenye ile njia wanayoiita Vía Olímpica, ile ya mashindano ya kiwango cha juu, na keshaanza kututajia kituo cha mazoezi cha Madrid, akakae huko. Shida ni kwamba kwa miezi minne kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma na siku hizi analalamika kiuno pia, kocha anasema ni kukua tu. Dada yangu kule nyumbani ananiambia mtoto atadumaa na uzazi wake utaharibika, na kweli hedhi bado hajaona. Baba yake anataka aache kabisa. Juzi usiku mwenyewe kaniambia, mama mimi nishachelewa, Patricia Moreno alipata medali na miaka 16, mimi na mkono huu nitafika lini? Sikujua nimjibu nini. Nimwachishe, nimwache aendelee, au nimpeleke Madrid?"

Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza nikuweke sawa, mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia ya michezo na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwa watoto wa jimnastiki, so mambo ya mkono na kiuno naweza kukueleza vizuri lakini kuna mahali nitakwambia wazi hapa lazima daktari amwone kwa macho yake. Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona kuna maswali matatu umeyafunga kwenye kifurushi kimoja, mkono una nini, mwili wa mtoto utaharibika au la, na hiyo safari ya mwanajimnastiki wa Uhispania ina muda kiasi gani. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu mtoto anayeamini muda unamkimbia ndiye anayeficha maumivu, na akishaanza kuficha sisi wote tunatibu gizani.

Ni kweli, Patricia Moreno alichukua shaba ya sakafu, lile zoezi la kuruka na kudansi juu ya zulia, Olimpiki ya Athens 2004 akiwa na miaka 16, na alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uhispania kupata medali ya Olimpiki kwenye jimnastiki ya kisanaa. Na miaka miwili kabla yake Elena Gómez, msichana wa Manacor kule Mallorca, alikuwa bingwa wa dunia wa sakafu mjini Debrecen, Novemba 2002, katimiza miaka 17 siku chache tu nyuma, na ule mzunguko wake wa mara 4 akiwa kwenye mguu mmoja mpaka leo unaitwa Gómez kwenye kitabu cha sheria za alama. Mtoto wa miaka 12 akisoma haya anapiga hesabu: 16, 17, basi. Nani asingeogopa.

Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Tangu 1997 sheria ya kimataifa ni kwamba msichana haruhusiwi kushindana na wakubwa mpaka mwaka anaotimiza miaka 16. Yaani binti yako hata angekuwa bora kuliko wote duniani, mlango huo kwake bado haujafunguliwa. Huwezi kuchelewa kwenye mlango ambao bado umefungwa. Na ukifunguka hauko wazi kwa mwaka mmoja tu kama zamani watu walivyodhani. Simone Biles wa Marekani alishinda vifaa vyote, yaani lile shindano la kujumlisha alama za kila kifaa, Olimpiki ya Paris 2024 na miaka 27, Rebeca Andrade wa Brazili alichukua dhahabu ya sakafu hapo hapo na miaka 25 baada ya goti lake kufanyiwa operesheni mara tatu.

Na kama anataka mtu wa kwao hapo, msimulie habari za Roxana Popa. Huyu kazaliwa Constanța, Romania, mwaka 1997, familia ikahamia Uhispania yeye akiwa mtoto, ni mtoto wa wahamiaji kama wako. Akakua akawa tegemeo la timu ya taifa, halafu 2015 kwenye ubingwa wa dunia Glasgow goti likaumia vibaya. Akafanyiwa operesheni, na si moja, Rio 2016 ikapita bila yeye. Akarudi. Mwaka 2019 kwenye ubingwa wa dunia kule Stuttgart timu ya wanawake ya Uhispania ikamaliza ya 12, na namba 12 ndiyo ilikuwa tiketi ya mwisho kabisa ya Tokyo, na wanawake wa Uhispania hawakuwa wameingia Olimpiki kama timu tangu Athens 2004. Tokyo yenyewe, kiangazi cha 2021, Popa akiwa na miaka 24 akafika fainali ya vifaa vyote. Kutoka goti lile mpaka fainali hiyo ni miaka 6, na binti yako anahesabu miezi minne ya mkono kama mwisho wa dunia. Simlaumu, miaka 12 ndivyo ilivyo, ila wewe mkubwa ushike hesabu hii ndefu kwa niaba yake.

Kwa wanaume ni hivyo hivyo, tena zaidi kwa sababu wao wanakomaa baadaye. Ray Zapata, mzaliwa wa Santo Domingo aliyekulia Lanzarote, alipata fedha ya sakafu Tokyo na miaka 28. Alama zake na za Artem Dolgopyat wa Israel zilikuwa sawa kabisa, 14.933 kila mmoja, dhahabu ikaenda kwa Dolgopyat kwa sababu zoezi lake lilikuwa na ugumu uliozidi kidogo, 6.6 kwa 6.5. Miaka 28, na kilichomtenganisha na dhahabu ni sehemu moja ya kumi.

So swali la kweli dada yangu si kama kachelewa. Swali ni mwili wake ufike vipi miaka 16, 20, 24 ukiwa mzima, na hapo ndipo tunarudi kwenye mkono.

Sisi wengine tunatembea kwa miguu tu, mwanajimnastiki anatembea kwa miguu na kwa mikono. Kila akisimama kwa mikono, kila akipiga fliki ya kurudi nyuma, ile ya kujirusha kinyumenyume akatua kwa mikono, kila akisukuma ile meza ya kurukia, mwili mzima unapita kwenye vifundo viwili vyembamba. Sasa kwa mtoto ambaye bado anakua, karibu na ncha ya mfupa wa rediasi, huu wa upande wa dole gumba, kuna bamba la gegedu, kitu laini-kigumu kama ncha ya sikio lako. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Seli za gegedu zinazaliwa upande mmoja, zinasukumana kwenda upande wa pili, damu inaleta madini zinageuka mfupa, kila siku, kidogo kidogo. Ukilibana bamba hilo mara mamia kwa wiki bila kulipa nafasi ya kupumua, vile vimishipa vidogo vya damu vinashindwa kazi, gegedu linarundikana bila kugeuka mfupa, na kwenye eksirei unaona ule mstari umepanuka na kingo zake zimechakaa. Mwanzoni hilo linapona vizuri sana. Likiachwa kwa muda mrefu bamba linaweza kujifunga mapema, rediasi inabaki fupi, mfupa wa pili wa upande wa kidole kidogo unaendelea kurefuka, na hapo ndipo unapata mtu mzima wa miaka 25 asiyeweza kusukuma mlango mzito bila maumivu.

Siwezi kukwambia kwa barua kwamba mwanao ana hiyo. Lakini mtoto wa miaka 12, masaa 20, upande mmoja, miezi minne, kwangu hiyo inatosha kutaka picha. Nyumbani unaweza kufanya hivi: mwambie apige magoti kwenye zulia, viganja chini, vidole vikielekea mbele, kisha asogeze mabega taratibu mpaka yapite mbele ya viganja. Wewe usiangalie mkono, angalia uso na bega. Mara nyingi mtoto ananiambia haiumi huku bega la upande ule linajirudisha nyuma lenyewe na uzito wote umehamia mkono wa pili. Baada ya hapo bonyeza kwa dole gumba lako juu kidogo ya mkunjo wa kifundo, kwa nyuma, upande wa dole gumba lake, halafu bonyeza hapo hapo kwenye mkono mzima ulinganishe. Akiruka upande mmoja tu, usisubiri tena.

Kuhusu kocha, nusu ya maneno yake ni kweli na nusu ya pili ndiyo inayonisumbua. Kweli ni kukua. Lakini kukua ndiyo sababu ya kupunguza mzigo, si sababu ya kuupuuza. Msichana akiingia kwenye kasi ya balehe mifupa inatangulia kurefuka, misuli na kano zinafuata nyuma zikivutwa, na mfupa mpya kwa muda fulani ni mrefu kuliko ulivyo imara. Juu ya hayo mwili mrefu unazunguka polepole hewani, so mtoto aliyekuwa anageuka vizuri mwezi wa tano, mwezi wa tisa anaanguka kifudifudi kwenye kitu kile kile, anahisi kapoteza kipaji, kocha anamwambia rudia, anarudia mara 40 mahali pa 15. Hapo ndipo watoto wanaumia, kwenye yale marudio ya kutafuta kitu ambacho mwili utakirudisha wenyewe baada ya miezi kadhaa.

Ndiyo maana naomba uchukue penseli leo, umsimamishe kwenye fremu ya mlango bila viatu, uweke alama na tarehe. Kila mwezi, asubuhi, mlango ule ule. Ukiona kapanda kama sentimita 2 ndani ya miezi 3, basi yuko kwenye kasi, na huo ndio wakati wa kumwambia kocha tushushe mirukio na miguso ya mikono, tusiongeze vitu vipya vigumu mpaka kasi ipite. Kocha mzuri atashukuru kupata hizo namba, wengi hawana.

Kiuno sasa. Hapa nina wasiwasi zaidi kuliko wewe ulivyoandika, maana umekitaja kama kitu cha pembeni. Jimnastiki inataka mgongo ukunjike nyuma sana, na kila akitua kutoka juu nguvu inayopanda mwilini inaweza kuzidi mara 10 ya uzito wake. Nyuma ya kila pingili kuna kidaraja chembamba cha mfupa, na kwa watoto wa mchezo huu kile cha pingili ya chini ya kiuno kinaweza kupata ufa mdogo kwa kurudia rudia, si kwa ajali moja. Mwambie asimame mguu mmoja, ajikunje nyuma taratibu huku umemshika. Maumivu ya upande mmoja, chini, kama sehemu unayoweza kuionyesha kwa kidole kimoja, yanataka daktari ndani ya wiki hii. Na ujue eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi kabisa huku ufa upo, so ukiambiwa picha haina kitu na mtoto bado anaumwa, uliza kwa heshima kuhusu MRI, ile picha ya sumaku. Ufa ukigunduliwa mapema mara nyingi unapona kwa kupumzika miezi kama 3 bila kuruka wala kujikunja nyuma. Ukigunduliwa baada ya mwaka, pande mbili, habari ni nyingine.

Dada yako wa Mombasa anasema kwa mapenzi, namjua mtu wa aina hiyo, na mimi nina shangazi zangu. Ila kudumaa hapana. Mwaka 2013 jopo la wataalamu waliokusanywa na shirikisho la dunia la jimnastiki, FIG, walipitia tafiti zilizokuwepo wakasema mazoezi makali hayapunguzi urefu wa mtu anapofika utu uzima. Wanajimnastiki ni wafupi kwa sababu wafupi ndio wanaochaguliwa na ndio wanaobaki, wale warefu wanaondoka njiani. Mpira wa kikapu haukumrefusha mtu na jimnastiki haikumfupisha mtu. Wengi wao wanabalehe kwa kuchelewa kidogo na wanamalizia kukua wakati wenzao washasimama.

Hedhi kwenye miaka 12 na kitu kutoonekana ni kawaida, kwa mwanajimnastiki na kwa asiye mwanajimnastiki. Mpaka wangu ni huu: kama anatimiza 13 na matiti hayajaanza kabisa, au anatimiza 15 bila hedhi, au ilikuja ikapotea miezi mitatu, daktari. Na hapo usikubali mtu akwambie wasichana wa jimnastiki ndivyo walivyo. Kauli hiyo imewaumiza wengi. Kinachoharibu si mchezo, ni mwili kukosa nishati, mtoto anatumia kingi anakula kidogo, mwili unaanza kuzima vitu ambavyo si vya lazima leo, unazima hedhi, unapunguza kujenga mifupa, usingizi na furaha vinapungua. Tangu 2014 kamati ya Olimpiki ya kimataifa imetoa mwongozo rasmi kuhusu hali hii, na wanasema wazi inawapata wavulana pia. Uzazi na mifupa vinateseka kwa njaa ya muda mrefu, ndiyo, na dada yako kwa hilo kagusa ukweli bila kujua.

So angalia sahani yake. Anatoka shule anaingia mazoezini, masaa manne, anarudi nyumbani saa tatu usiku, katikati kala nini? Apate kitu kizito kabla na kitu baada, wali wake wa maharage, samaki, mayai, chapati, usiogope wanga, wanga ndio mafuta ya gari. Na nyumbani pasitajwe kilo. Kama klabuni wanawapima uzito mbele ya wenzao, au kuna anayetoa maneno kuhusu mapaja yao, hilo ni jambo la kuondokea, silainishi maneno hapa. Kitu kingine ambacho wazazi wetu wa Ulaya wengi hawaambiwi: ngozi nyeusi inatengeneza vitamini D taratibu zaidi, na mtoto wako yupo ndani ya ukumbi jua likiwa nje. Omba apimwe damu, vitamini D na madini ya chuma, kwa mtoto mwenye maumivu ya mifupa hicho si kipimo cha anasa.

Sasa baba, na Madrid.

Baba yake anataka aache na namwelewa, ameona mtoto wake anaumwa na hakuna anayechukua hatua. Kuacha kabisa kutaondoa mzigo kwenye mkono, hilo halina ubishi. Lakini unamtoa kwa mara moja kwenye marafiki zake wote, ratiba yake, kitu anachojijua nacho tangu ana miaka 6, na atajifunza kwamba ukisema unaumwa unanyang'anywa. Watoto wengine wa klabu hiyo watajifunza pia. Kuendelea kama ilivyo ndilo chaguo baya kuliko yote, hata kuliko la baba. Mimi ningechukua la katikati, na si kwa kutaka kuwaridhisha wote wawili: wiki 6 kwanza, huenda zikafika 12, bila uzito wowote kwenye mikono na bila kujikunja nyuma, lakini anabaki ukumbini. Miguu, tumbo, unyumbufu wa nyonga, dansi ya zoezi lake la sakafu, hatua na mizunguko kwenye boriti ilimradi kiuno kimeruhusiwa. Kuning'inia kwenye fito kama hakuumi aamue anayemtibu. Zile bandeji ngumu za kifundo zinasaidia wakati wa kurudi, haziponyi, wala asivae ili aendelee kuruka juu ya maumivu. Jua pia Elena Gómez wengi wanamkumbuka kwa ule mzunguko, na mzunguko ni kitu kinachofanywa kwa mguu na mizani bila mkono kugusa chini. Kuna kazi ya kutosha ya wiki 12.

Madrid mwaka huu hapana. Hakuna atakayekuja kumchukua nafasi yake ya miaka 16 kwa sababu hakuhama na miaka 12, na mtoto mwenye mkono usiojulikana una nini hahamishwi kwenda mahali ambapo masaa yanaongezeka. Kituo chenyewe ni kizuri, kiko chini ya baraza la michezo la serikali, na wanamichezo wanaotoka mbali wanalala kwenye bweni lililopewa jina la Joaquín Blume, yule bingwa wa Ulaya wa 1957 aliyefariki kwenye ajali ya ndege 1959 na miaka 25. Lakini ni mtoto kulala mbali na mama. Na ninyi mko karibu na Barcelona, kuna kituo cha Sant Cugat si mbali na mjini, chenye shule ndani yake, ulizeni huko kabla hamjafikiria treni ya Madrid.

Ikifika siku ya kuamua, mwakani au mwaka wa pili, nenda na maswali na usione haya kwa sababu ya lafudhi yako au kwa sababu wao ni wakubwa. Nani daktari, na mtoto akiumia nani ana neno la mwisho, daktari au kocha? Naweza kuja kuangalia mazoezi bila kutangaza? Simu yake anakaa nayo usiku? Na hili usilisahau: tangu 2021 Uhispania ina sheria ya kulinda watoto dhidi ya ukatili inayotaka taasisi za michezo zinazofanya kazi na watoto ziwe na mtu maalumu wa ulinzi, wanamwita delegado de protección. Uliza jina lake, uliza namba yake, mpe mwanao namba hiyo aijue. Wanaofanya kazi na watoto wanatakiwa pia wawe na cheti kwamba hawana rekodi ya makosa ya kingono. Klabu iliyonyooka inakujibu ndani ya dakika mbili. Ikianza kukuzungusha, umepata jibu lako.

Shule iwekwe mbele, na hapa Uhispania kwa kweli wamesaidia: mwanamichezo akitambuliwa kama wa kiwango cha juu, vyuo vikuu vinatakiwa kumwekea akiba angalau asilimia 3 ya nafasi. Wanaoishi kwa jimnastiki peke yake ni wachache mno, hata mabingwa. Gervasio Deferr ana dhahabu mbili za mrukio, Sydney 2000 na Athens 2004, na fedha ya sakafu Beijing 2008, hakuna mwanajimnastiki wa Uhispania aliyefika hapo, na mwenyewe amesimulia hadharani jinsi ulevi ulivyomshika na alivyopambana kutoka. Baadaye akaenda kufundisha watoto mtaa wa La Mina, hapo hapo jirani na Barcelona. Simtaji kukutisha. Namtaja kwa sababu mtoto aliyejengwa kwa kitu kimoja tu, kitu hicho kikiisha anabaki hajui yeye ni nani, so rafiki wa shuleni, Kiswahili chake, likizo ya Mombasa bila mazoezi, hivyo vyote ni sehemu ya matibabu yangu.

Suala la pasipoti hukuliuliza lakini litakuja: kuiwakilisha Uhispania kimataifa anahitaji uraia, na kwa mtoto aliyezaliwa hapo sharti la kawaida ni mwaka 1 wa ukaazi halali badala ya 10. Kama hamjaanza makaratasi muoneni mwanasheria wa uhamiaji sasa, yanachukua muda.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Kiuno kinachomwamsha usiku, ganzi au udhaifu mguuni, kushindwa kuzuia mkojo, kuanguka na kutua kwa shingo, kifundo kilichovimba au kisichokunjuka, hayo ni kwenda dharura siku hiyo hiyo. Na ukimwona anaficha chakula, anatapika baada ya kula, anajiumiza au anasema hataki kuwepo, hayo pia ni dharura hata kama mwili unaonekana mzima.

Kwa mkono na kiuno, Jumatatu asubuhi piga simu kituo cha afya chenu muombe daktari wa watoto, bado ana haki naye mpaka miaka 14. Omba picha ya vifundo vyote viwili ili walinganishe, sema neno jimnastiki na sema masaa 20, usiseme tu "anaumwa mkono", maana wakidhani ni mtoto aliyeanguka uwanjani watakupa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Leseni yake ya shirikisho ina bima ya ajali, lakini maumivu yaliyokuja taratibu wanaweza kuyakataa, so usisubiri bima, tumia mfumo wa umma kwanza. Mpaka apate majibu, mikono haibebi mwili, hata kama kuna mashindano Jumamosi.

Na ile usiku aliyokuuliza, mrudie. Mkae kitandani kwake, umwambie kwamba hakuna mtu anayemnyang'anya jimnastiki, na kwamba kuanzia sasa mkono ukiuma anasema siku hiyo hiyo. Halafu kesho yake nenda naye kwa kocha, watatu mkiwa mmesimama pamoja, umwombe kocha amwambie mtoto maneno hayo hayo kwa mdomo wake mwenyewe, ili mtoto asikie. Majibu ya picha yakitoka niandikie.